Sura Mpya kwa Programu Kongwe

Utangulizi

Katika mabenki, mashirika ya ndege, makampuni ya bima na ofisi za serikali za nchi nyingi duniani, zimo programu za kompyuta zilizoandikwa zaidi ya miaka arobaini iliyopita ambazo hadi leo hufanya kazi kila siku. Programu hizo huhesabu mishahara, hulipa pensheni, huweka nafasi za abiria na hutunza hesabu za akiba. Wengi wa watu walioziandika wamekwisha kustaafu. Mtu aketiye mbele ya programu ya namna hiyo haoni picha wala mapambo. Huona maandishi matupu, mara nyingi ya kijani juu ya skrini nyeusi, naye huiamuru kwa kuandika herufi na namba.

Kijana aliyezoea kugusa picha katika simu ya mkononi huziona programu hizo kuwa ni mabaki ya kale, na shauri lake la kwanza ni kwamba zitupwe. Shauri hilo ni jepesi mno. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi programu kongwe inavyoweza kupewa sura mpya, na kwa nini kazi hiyo, ionekanayo kuwa ni ya urembo tu, yaweza kumfanya mtu asiye na kazi akose msaada wake au mwenye akiba asiifikie fedha yake. Jambo kuu ambalo msomaji anaombwa alishike ni hili: sura ya programu hubadilishwa kwa usalama pale tu ambapo kwanza zimejulikana kanuni zilizofichika nyuma yake, pamoja na mazoea ya watu waitumiao.

Sehemu tatu za programu

Programu ya biashara yaweza kufananishwa na duka. Mbele ipo meza ambapo mnunuzi huhudumiwa. Nyuma ya meza yupo mwuzaji azijuaye taratibu za duka: bei, vipimo, na nani aruhusiwe kukopa. Nyuma kabisa ipo ghala yenye bidhaa. Vivyo hivyo programu ina uso, yaani yale mtu ayaonayo na kuyajaza. Ina kanuni, yaani hesabu na masharti ya kazi. Na ina hifadhi, yaani kumbukumbu za data.

Katika programu iliyopangwa vizuri sehemu hizo tatu hutengana, hata meza yaweza kubadilishwa bila kuigusa ghala. Lakini katika programu nyingi za kale zimechanganyika. Sentensi moja ya programu huandika maneno kwenye skrini, ifuatayo hukata kodi, na ya tatu huweka jibu katika hifadhi. Anayetaka kuubandua uso hujikuta ameshika pia vipande vya kanuni. Hapo ndipo ugumu wote unapoanzia.

Asili ya skrini ya maandishi

Mnamo mwaka 1971 kampuni ya IBM ya Marekani ilitangaza teminali za aina ya 3270. Teminali ni skrini na kibodi vilivyounganishwa kwa waya na kompyuta kubwa iliyo mahali pengine. Skrini ya teminali hizo iliyoenea zaidi ilikuwa na mistari 24, na kila mstari ulikuwa na nafasi 80 za herufi. Idadi ya 80 ni urithi wa kadi za matundu za IBM zilizotolewa mwaka 1928, ambazo zilikuwa na safu 80. Kwa hiyo skrini nzima ilichukua herufi 24 × 80, yaani 1,920.

Kwa nini wahandisi waliridhika na maandishi tu? Sababu kubwa ilikuwa wembamba wa njia ya kupitisha habari. Tuchukue waya wa simu upitishao biti 4,800 kwa sekunde, ambayo ni mojawapo ya kasi zilizotumika wakati ule. Herufi moja huhitaji biti 8. Kuijaza skrini yote kulihitaji biti 1,920 × 8, yaani 15,360, ambazo zilichukua sekunde 3.2 kupita. Picha ya kawaida ya simu ya leo, yenye mamilioni ya biti, ingelichukua muda mrefu mno.

Kwa hiyo wahandisi walibuni njia ya busara. Kompyuta kubwa ilipeleka fomu mara moja. Karani alijaza nafasi zote bila kuisumbua kompyuta hiyo, kisha akabonyeza kitufe cha Enter, na hapo zilipelekwa zile nafasi tu alizozibadilisha. Ikiwa alikuwa ameandika herufi 30, basi zilipita biti 240, kwa muda wa sekunde 0.05. Tena, kila nafasi ya kujazia ilitanguliwa na alama isiyoonekana iliyoiarifu teminali kama nafasi hiyo imefungwa au yaweza kuandikwa, kama hupokea namba tu, na kama maandishi yake yaonekane au yafichwe. Msomaji na aikumbuke alama hiyo, kwa kuwa tutairudia.

Kwa nini programu hizo hazikufa

Kompyuta zenyewe zimebadilishwa mara nyingi, programu zimebaki. Sababu ya kwanza ni lugha. Lugha ya COBOL, iliyoanza kutungwa mwaka 1959, ilikusudiwa iweze kutumika katika kompyuta za makampuni mbalimbali. Sababu ya pili ni mpango wa IBM yenyewe. Mwaka 1964 ilitangaza jamii ya kompyuta zilizoitwa System/360, na warithi wa kompyuta hizo wamejengwa kwa namna ambayo programu za zamani ziendelee kufanya kazi.

Sababu ya tatu ndiyo nzito kuliko zote. Kila sheria ya kodi ilipobadilika, kila mkataba wa wafanyakazi ulipotiwa sahihi, na kila kosa lilipogunduliwa, mtu fulani aliongeza mistari michache katika programu. Baada ya miaka thelathini programu huwa imekusanya maarifa ya ofisi nzima. Mara nyingi maarifa hayo hayamo katika kitabu chochote. Yamo katika programu peke yake. Kuitupa ni sawa na kumfukuza mzee ajuaye mipaka yote ya mashamba kabla ya kumwuliza imepita wapi.

Wakati huo huo macho ya watu yalikuwa yakizoea mambo mengine. Douglas Engelbart aliionyesha hadharani kompyuta yenye kipanya huko San Francisco mwezi Desemba 1968. Mwaka 1973 watafiti wa kampuni ya Xerox waliunda kompyuta ya Alto, iliyotumia kipanya na kuonyesha picha. Mwaka 1984 ilitoka Macintosh, na mwaka 1989 Tim Berners-Lee alitoa pendekezo ambalo lilizaa kurasa za tovuti. Tangu hapo mfanyakazi mpya aliyeingia ofisini alitazamia kuona vifungo, orodha na picha. Aliyoyakuta ni mistari 24 ya maandishi.

Njia za kuipa programu sura mpya

Njia ya kwanza ni kuvika joho. Programu kongwe haiguswi hata kidogo. Hapo kati huwekwa programu ndogo ijifanyayo kuwa ni karani: huisoma skrini ya maandishi, huchukua herufi zilizo mahali fulani, na kuzionyesha katika ukurasa mpya wenye rangi na vifungo. Kwa mfano, huambiwa kwamba salio la mteja limo katika mstari wa 12, kuanzia nafasi ya 40 hadi ya 49. Njia hii ni ya haraka na ya gharama ndogo. Udhaifu wake ni kwamba mpatanishi huyo haelewi asomacho. Anajua mahali tu. Siku atakapotokea mtu akaongeza mstari mmoja wa tangazo juu ya skrini kongwe, salio litateremka hadi mstari wa 13, na mpatanishi ataendelea kusoma mstari wa 12 bila wasiwasi wowote, hata kama sasa una namba ya simu.

Njia ya pili ni kuzitenga kanuni. Waandishi wa programu huifungua ile kongwe, huzitafuta sentensi zifanyazo hesabu, huzitenganisha na zile ziandikazo kwenye skrini, kisha huzifanya ziweze kuitwa na uso wowote: ukurasa wa tovuti, simu ya mkononi, au teminali ile ile ya kale. Kazi hii ni ya polepole na hudai watu wanaoisoma lugha ya zamani. Faida yake ni kwamba kanuni hubaki mahali pamoja, na kila uso hupata jibu lile lile.

Njia ya tatu ni kuibadilisha programu kidogo kidogo. Katika misitu yetu ipo miti ya jamii ya mkuyu ambayo mbegu zake hudondoshwa na ndege juu ya matawi ya miti mingine. Mche huota huko juu, huteremsha mizizi hadi ardhini na kuuzunguka mti mwenyeji. Baada ya miaka mingi mwenyeji aweza kufa na kuoza, na mti mpya ukabaki umesimama kwa nguvu zake wenyewe. Mwingereza Martin Fowler, mwandishi wa mambo ya programu, aliona miti ya namna hiyo nchini Australia, na mwaka 2004 aliitumia kama mfano wa kazi hii. Programu mpya hupewa kwanza jukumu moja dogo, huku mengine yote yakiendelea kufanywa na ile kongwe. Jukumu hilo likithibitika, huongezwa la pili, na la tatu, hadi kongwe ikose kazi. Hakuna siku hata moja ambapo ofisi husimama.

Njia ya nne ni kuihamisha kazi yote kwa siku moja. Tutaiona katika mfano wa mwaka 2018.

Mitego iliyofichika

Mtego wa kwanza ni urefu wa maneno. Tuseme programu kongwe ilitenga nafasi 20 kwa jina la mtu. Ukurasa mpya, ulioundwa na kijana asiyejua hivyo, unakubali herufi 50. Mteja wa kubuni aitwaye MWANAKOMBO ABDULRAHMAN, ambaye jina lake lina nafasi 22 pamoja na pengo, atalijaza lote naye ataliona limekaa vizuri. Katika hifadhi litaingia MWANAKOMBO ABDULRAHM. Siku atakapokwenda kudai fedha yake kwa kitambulisho chenye jina kamili, majina hayatalingana, na itambidi athibitishe kwamba yeye ni yeye. Ile skrini ya zamani isingemruhusu karani kuandika herufi ya 21. Hapo hapo angejua kwamba jina linahitaji kufupishwa kwa utaratibu.

Mtego wa pili ni mfuatano. Katika skrini za kale karani alilazimika kupita fomu ya kwanza kabla ya kufika ya pili. Yawezekana mwandishi wa programu aliutegemea mlango huo, asiandike tena sharti la kukagua fomu ya kwanza. Ukurasa mpya humruhusu mtu kuruka atakako. Sharti lililokuwa limelindwa na mpangilio wa milango sasa halina mlinzi.

Mtego wa tatu ni usalama. Tulisema kwamba nafasi fulani za skrini ziliweza kufungwa au kufichwa. Ulinzi huo ulikuwa mikononi mwa teminali, nayo ilikuwa chombo kilichotengenezwa kufanya hivyo tu, ndani ya ofisi yenye mlango na askari. Leo kazi ya teminali hufanywa na programu iigayo teminali katika kompyuta ya kawaida, na mwenye kompyuta hiyo akiwa fundi aweza kuilazimisha ionyeshe kilichofichwa au ifungue kilichofungwa. Kwa hiyo kila sharti lililokuwa limeachiwa uso hapana budi lirudishwe ndani, kwenye kanuni. Uso wowote, uwe mpya au wa kale, usiaminiwe kulinda fedha.

Mikono ya karani

Watu wengi hudhani kwamba skrini yenye picha ni rahisi zaidi kwa kila mtu. Ni kweli kwa mgeni. Si lazima iwe kweli kwa mzoefu. Mwaka 1980 Stuart Card, Thomas Moran na Allen Newell walitangaza njia ya kukadiria muda wa kazi mbele ya kompyuta. Katika vipimo vyao, kubonyeza kitufe kimoja kwa mpiga chapa wa wastani huchukua sekunde 0.2, kuelekeza kipanya mahali fulani sekunde 1.1, na kuhamisha mkono kati ya kibodi na kipanya sekunde 0.4.

Tuchukue fomu yenye nafasi tano, kila moja ya tarakimu sita. Tuache muda wa kufikiri, kisha tuhesabu mikono tu.

Kwa kibodi peke yake: kila nafasi huhitaji tarakimu 6 na kitufe kimoja cha kuendelea mbele, jumla vitufe 7. Nafasi tano ni vitufe 35, sawa na sekunde 7.0.

Kwa kipanya: kila nafasi huhitaji kuupeleka mkono (0.4), kuelekeza (1.1), kubofya (0.2), kuurudisha mkono (0.4) na kuandika tarakimu sita (1.2), jumla sekunde 3.3. Nafasi tano ni sekunde 16.5. Mwishoni mkono hurudi tena kwenye kipanya ili kubofya kitufe cha kupeleka: sekunde 1.7. Jumla yote ni sekunde 18.2.

Tofauti ni sekunde 11.2 kwa fomu moja. Karani ajazaye fomu 400 kwa siku atapoteza sekunde 4,480, yaani saa moja, dakika 14 na sekunde 40. Foleni itarefuka, na lawama zitamwangukia yeye, wala si mwenye kuchora ukurasa. Dawa yake si kuikataa sura mpya, bali kuichora kwa namna ambayo mzoefu aweza kupita kutoka nafasi hadi nafasi kwa kitufe cha Tab, asihitaji kuuondoa mkono kwenye kibodi.

Mfano mzuri umo katika biashara ya tiketi za ndege. Mfumo wa Amadeus, ulioanzishwa mwaka 1987 na mashirika manne ya ndege ya Ulaya, huelewa amri fupi. Wakala akiandika AN15JUNDARNBO, anauliza: kuna nafasi gani tarehe 15 Juni kutoka Dar es Salaam kwenda Nairobi? Kwa mgeni hayo ni mafumbo. Kwa mzoefu ni herufi 13 na kitufe cha Enter, kazi ya sekunde 2.8. Mfumo huo sasa huwapa mawakala ukurasa wa vifungo na orodha, lakini ukurasa wa amri haukuondolewa. Mgeni hujifunza kwa mmoja, na mzoefu hukimbia kwa mwingine.

Mafunzo ya miaka ya karibuni

Mwezi Aprili 2018 benki ya TSB ya Uingereza iliwahamisha wateja wake karibu wote kwa pamoja kutoka mfumo wa zamani kwenda mfumo mpya. Data zenyewe zilihama salama. Lakini mfumo mpya ulishindwa kuwahudumia watu, na wateja wapatao milioni 1.9 walifungiwa nje ya hesabu zao. Hali haikurudi kuwa ya kawaida hadi Desemba mwaka huo, na mwaka 2022 wasimamizi wa mabenki waliitoza benki hiyo faini ya paundi milioni 48.65. Fedha ilikuwapo ghalani. Meza ya duka ndiyo iliyoanguka.

Mwezi Aprili 2020, UVIKO-19 iliposimamisha kazi nyingi nchini Marekani, watu wengi mno waliomba kwa wakati mmoja msaada wa wasio na kazi. Gavana wa jimbo la New Jersey, Phil Murphy, aliwaomba hadharani watu waijuao COBOL wajitolee kusaidia. Wengi waliilaumu lugha hiyo kongwe. Lakini Mar Hicks, ambaye ni mwanahistoria wa kompyuta, aliandika mwaka huo huo kwamba kilichoelemewa kilikuwa tovuti ya mbele ambamo watu walijaza maombi yao, nayo ilikuwa imeandikwa kwa lugha ya Java, iliyo changa zaidi. Programu kongwe ya nyuma, iliyoyashughulikia maombi hayo, haikuwa na hatia.

Mifano hii miwili yatufundisha kwamba ukale wa chombo si ugonjwa, wala upya si afya. La kuulizwa ni: nani azijuaye kanuni zake, nani atakayeitengeneza kesho, na nani atakayeumia ikisimama. Kwa hiyo kazi ya kuipa programu sura mpya haianzi kwenye meza ya mchoraji. Huanza kwa kuketi kando ya karani, kutazama mikono yake, na kumwuliza kwa nini hufanya hivyo afanyavyo. Kisha kuisoma programu yenyewe mstari kwa mstari na kuandika kwa lugha ya kawaida kila kanuni iliyomo. Kitabu hicho cha kanuni huenda kikawa na thamani kuliko sura yenyewe, maana sura mpya ya leo nayo itakuja kuwa kongwe.

Zoezi la darasani

Zoezi hili halihitaji kompyuta. Mwalimu awape wanafunzi karatasi ya miraba, nao wachore skrini ya mistari 24 yenye nafasi 80 kila mmoja. Waandike humo fomu ya hesabu ya mteja: jina, namba na salio, na waorodheshe pembeni mstari na nafasi ambapo kila habari inaanzia na inapoishia. Kisha mwalimu aongeze mstari mmoja wa tangazo juu kabisa, na kila kilicho chini yake kiteremke. Mwanafunzi mmoja awe mpatanishi: asome kwa kufuata ile orodha ya pembeni tu, bila kuelewa maana. Darasa lijadili ni nini amekisoma, na mteja angepata hasara gani.

Maswali

1. Waya upitishao biti 2,400 kwa sekunde utachukua muda gani kuijaza skrini ya herufi 1,920? Ukipeleka herufi 30 tu, utachukua muda gani?

2. Kwa vipimo vya mwaka 1980 vilivyoelezwa hapo juu, kadiria muda wa kutafuta nafasi ya ndege kwa kipanya ikiwa wakala hana budi kuelekeza na kubofya mara sita bila kuandika chochote. Mkono wake unaanzia kwenye kibodi. Linganisha jibu lako na sekunde 2.8.

3. Katika shule yako, ni kanuni zipi za kutoa ripoti za wanafunzi ambazo hazikuandikwa popote ila zimo kichwani mwa mtu mmoja? Ungefanyaje kuzikusanya kabla ya kumwagiza fundi aandike programu?

4. Sharti lisemalo kwamba mteja asitoe fedha kuliko salio lake liwekwe katika uso, katika kanuni, au katika sehemu zote mbili? Toa sababu.